32 km leo nimemaliza lakini kuanzia ya 24 miguu iligoma. Niongeze hadi 38 kabla ya Kili?

KijanaWaTegeta

Wakuu habari za Jumapili. Nimerudi nimeoga nimelala nimeamka na bado kushuka ngazi ni shida, ila nimeona niulize humu kabla sijapanga wiki ijayo maana najua kuna watu humu Kili wameshaikimbia zaidi ya mara moja.

Iko hivi. Nimejiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, ndo ya kwanza kwangu, 21 nimeshakimbia. Zimebaki wiki 5. Leo ratiba ilikuwa inasema 32, ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia. Tumetoka Tegeta saa 10 na nusu alfajiri mimi na jamaa wa jogingi yetu, tukashika Barabara ya Bagamoyo, Africana, Lugalo, Mwenge, Makumbusho, Morocco mpaka mjini, tukatokea Aga Khan tukapita Daraja la Tanzanite kurudi upande wa Coco. Mpaka pale darajani naongea vizuri kabisa, saa inaonyesha dakika 6 na sekunde 15 (6:15) kwa kilomita, upepo wa bahari unapiga, nikaona leo mambo ni mazuri.

Tumeingia Masaki, kama kilomita ya 24 hivi, hali ikageuka. Siyo pumzi, pumzi ilikuwepo. Miguu ndo haitaki, mapaja hayanyanyuki, jua limeshatoka na ile joto ya Dar ya mwezi wa kwanza mnaijua, kichwa kinaniambia kaa chini tu hapo kwenye ukingo wa barabara. Nikamwambia jamaa atangulie. Nikawa nakimbia kidogo natembea kidogo mpaka Kawe saa ikasoma 32, jumla saa 3 na dakika 40. Nimemaliza, sikupanda bodaboda, na nimefurahi mno, sikufichi, mtu aliyenijua mimi miaka ya nyuma hawezi kuamini.

Sasa swali. Kama 32 imeniumiza hivi, hizo 10 za juu zitakuwaje? Nimefikiria Jumapili ijayo niende 36 na ile inayofuata 38 ili mwili uzoee. Kuna mtu ananiambia sawa, mwingine ananiambia nitaumia. Na vile vile mnakula nini njiani, mimi asubuhi nilikunywa chai ya rangi na andazi, njiani chupa moja ya maji ya nusu lita basi. Lengo langu ni kumaliza kwa saa 4 na nusu (4:30) kama Mungu akijalia.

Kipara_Kimara

Hongera sana mkuu, 32 siyo mchezo.

Mimi nitakwambia ukweli wangu, piga 38. Mimi ya kwanza nilienda 38 wiki tatu kabla na siku ya mbio nilivyofika 35 sikuwa na hofu yoyote kwa sababu nilishapajua. Kichwa ndo kinakimbia 42, miguu inafuata. Watakuja wataalam hapa wakwambie usifanye lakini wewe mwenyewe unajijua.

Mweka_Juu

Kijana hongera. Kipara nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe hata kidogo, na naomba niandike kirefu kwa sababu hii njia ya Kili mimi ndo njia yangu ya kila siku, nakaa huku huku.

Kwanza ielewe leo yako. Umekimbia 20 za kwanza kwa 6:15. Lengo lako la 4:30 ukigawa kwa 42 unapata kama 6:24. Maana yake zoezi la mwendo wa pole umelikimbia kwa kasi KUBWA kuliko ya siku ya mbio yenyewe, tena Dar, tena kwa chai na andazi moja. Halafu 12 zilizobaki zimekuchukua kama saa moja na dakika 35, karibu dakika 8 kila moja. Kwa hiyo miguu yako haina tatizo na umbali. Ungetoka kwa 7:10 au 7:20 toka Tegeta ungefika Kawe unaongea na jamaa yako, na muda wa jumla ungekaribia kuwa ule ule.

Mazoezi haya marefu watu wanayageuza mtihani. Unataka kujipima kila Jumapili, unapiga picha ya saa unaweka kwenye grupu. Siyo kazi yake. Kazi yake ni kuufundisha mwili kuchoma mafuta na kutunza ule wanga uliopo kwenye misuli, kuzoesha mishipa na mifupa kugonga lami muda mrefu, na kufanya majaribio ya kula na kunywa. Vyote hivyo vinapatikana kwa mwendo wa pole. Ukikimbia kwa nguvu faida ni ile ile na uchovu ni mara mbili, Jumanne na Alhamisi yako zinakufa, na wiki inaharibika.

Pili, Kili yenyewe. Mnaanzia pale uwanja wa Ushirika asubuhi, ile 42 inakwenda kwanza upande wa barabara ya Dar na kurudi, tambarare, baridi kidogo, kila mtu anajiona Simbu, bingwa wetu wa dunia wa marathoni. Kisha ndo mnaelekezwa Mweka, kule juu upande wa mlima. Hapo ni kupanda, na kupanda, na kupanda, tena ukiwa umeshakula nusu ya mbio, migomba pande zote na watoto wanakushangilia, halafu mnageuka mnashuka kurudi uwanjani. Watu wanaogopa kupanda kumbe kushuka ndo kunamaliza mapaja, kwa sababu msuli unafanya kazi ya breki huku unavutika. Wewe leo umekimbia Tegeta mpaka mjini, pako flati. Kwa hiyo badala ya kutafuta kilomita 38 tafuta vilima. Dar vipo, nenda Mlimani chuo kikuu, nenda Goba, Madale, Pugu. Weka kilima kwenye nusu ya PILI ya zoezi, siyo mwanzoni.

Na ukifika Moshi usiruhusu mtu akwambie sijui mwinuko utakuua. Mji uko chini ya mita 1,000, siyo hewa ya kukutisha. Kinachowaua watu wa Dar huku ni kutoka na kasi ya barabara ya Dar halafu kukutana na Mweka.

Rift2400

Niaje wakuu wa Tanzania. Mimi niko Eldoret, nakimbia tu kama hobi lakini nimekaa karibu na hawa wanariadha wakubwa miaka mingi nikiwaona barabarani. Nakubaliana na huyo wa Mweka mia kwa mia.

Watu wanajua bingwa wetu wa marathoni Kipchoge kwa 1:59:40 ya Vienna 2019 na 2:01:09 ya Berlin 2022, hawajui Alhamisi yake. Pale Kaptagat Alhamisi ni siku ya mbio ndefu, wiki moja kilomita 30, wiki nyingine 40, kwa barabara ya vumbi, wakiwa kundi, gari nyuma na maji. Sasa mtu anasikia 40 anasema hata mimi nifanye 40. Lakini hebu fikiria, hizo 40 wao wanamaliza kwa saa mbili na kitu. Wewe kwa saa mbili na kitu uko kilomita ya 20. Mwili haujui kilomita, unajua muda. Ukikaa barabarani saa 4 na nusu unafanya mazoezi umepiga kazi ambayo hata Kipchoge mwenyewe hajawahi kupiga siku ya mazoezi!!

Kwa hivyo mimi husema mtu wa 4:30 awache kuhesabu kilomita, ahesabu muda. Saa tatu na nusu inatosha, ikifika hapo simama, hata kama saa inasoma 29. Hio nyingine iliyobaki utaikimbia siku ya race ukiwa na miguu mipya kwa sababu umepumzika.

Kitu kingine. Asubuhi hapa ukikutana na hao mabingwa siku yao ya pole, wanaenda polepole mpaka wewe unaweza kuwafuata kilomita mbili tatu na unashangaa. Mtu wa marathoni ya 2:05 haoni aibu kukimbia pole. Ni sisi watu wa kawaida ndio tuna haraka kila siku.

nesi_wa_lami

Kijana hongera kaka yangu. Mimi kazi yangu ni uuguzi na nimehudumu kwenye mahema ya huduma ya kwanza kwenye mbio, kwa hiyo nitaongelea hilo la chakula na maji maana ndo limenishtua kuliko kasi.

Chupa ya nusu lita kwa saa 3 na dakika 40, Dar, Januari. Ndugu yangu hapana. Na wala sisemi unywe ndoo. Fanya hivi: Jumapili ijayo jipime uzito kabla ya kutoka na ukirudi, ukiwa umejifuta jasho, nguo zile zile nyepesi. Kila kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyopoteza zaidi ya ulichokunywa. Ukikuta umepungua kilo tatu ujue maji yalikuwa machache sana. Ukikuta UMEONGEZEKA uzito hiyo ndo mbaya zaidi, umekunywa kupita jasho lako. Watu hawaamini hili. Kwenye mbio za Boston za 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 mwishoni, asilimia 13 sodiamu yao, yaani chumvi ya kwenye damu, ilikuwa imeshuka chini ya kawaida, na kilichohusika zaidi ni kunywa sana mpaka uzito unaongezeka. Mtu wa hivyo anachanganyikiwa, anatapika, kichwa kinauma, na watu wanamletea maji mengine! Kwa hiyo kunywa mafundo machache machache kufuata kiu, na siyo maji matupu mwanzo mwisho. ORS ya duka la dawa, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ipo, pakiti moja kwa lita moja. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Chakula. Wanga uliotunzwa kwenye misuli na ini haukufikishi 42, kwa wengi unaanza kuisha karibu na 30, na ukitoka kwa kasi unaisha mapema zaidi. Ile hali yako ya pumzi ipo miguu hakuna na kichwa kinasema kaa chini ndo dalili yake yenyewe. Kwa mbio za zaidi ya saa mbili lenga gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, na ANZA mapema, dakika ya 40 hivi, usisubiri njaa. Siyo lazima zile jeli za wanga za wakimbiaji, za bei mbaya. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25. Tende ndogo nne zinakaribia gramu 20. Glukosi ya unga ya dukani changanya kwenye chupa. Asali watu wanafunga kwenye vimfuko. Ila chochote ulichochagua kijaribu sasa hivi kwenye mazoezi, tumbo nalo linafundishwa, usije ukaonja kitu kipya pale Moshi.

Asubuhi kabla ya kutoka ule kitu cha maana saa moja au mbili kabla, viazi vitamu, mkate na asali, uji. Na usiku wa kuamkia hapo wali au ugali wa kutosha, maharage na mboga zenye nyuzi nyingi punguza.

La mwisho na hili naomba mlisome wote. ACHENI kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio ndefu ili msisikie maumivu. Figo wakati huo tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya jasho na joto, dawa hizo zinaziongezea mzigo. Na ukikimbia halafu mkojo ukatoka rangi ya soda ya kola, usilale ukisubiri kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kipara_Kimara

Nesi asante, hilo la uzito nilikuwa silijui. Kuhusu 38 bado nasimama, ila nakubali mimi nilikuwa nakimbia 5:30 kwa kilomita kwa hiyo nilimaliza ndani ya saa 3 na nusu hivi, hesabu ya huyu wa Eldoret inaingia akilini. Kwa muda wa Kijana basi asiende 38.

BintiWaRaskazone

Nimechelewa ila naomba niongeze kwa upande wa dada zangu maana naona uzi wote ni wanaume na njia ndefu za kwenda moja kwa moja.

Sisi kutoka saa 10 alfajiri peke yetu barabara kuu siyo kitu cha kuamua kirahisi. Mimi niko Tanga, mbio zangu ndefu nafanya kwa mzunguko. Nina duara langu la kilomita 6 hivi linapita Raskazone pembeni ya bahari na linarudi kwa mama mmoja anayeuza chai, anaanza mapema sana, namwachia chupa zangu na ndizi. Kila nikipita nachukua chupa, nikijisikia vibaya niko karibu na nyumbani, na kuna mtu anajua kama nimepita au sijapita. Watu wanasema mzunguko unachosha akili. Ni kweli, na ndo faida yake, ukiweza kupita mlangoni kwako mara ya nne ukaendelea, hiyo Mweka utaipanda.

Mengine madogo ambayo yakikupata kilomita ya 20 siyo madogo tena: mafuta ya mgando kwapani, katikati ya mapaja na pale ukingo wa sidiria ya mazoezi unapogusa, kwa wanaume kwenye chuchu, nimeona watu wanamaliza fulana ina damu. Kucha za miguu kata fupi siku mbili kabla, siyo asubuhi yake. Soksi zisiwe za pamba tupu. Na viatu, jamani, viatu vya mitumba vizuri vipo na wengi ndo tunavyovivaa ila bonyeza ile soli ya kati kwa kidole gumba, kama imekuwa ngumu haibonyei achana nacho hata kama kwa juu kinang'aa. Utakachovaa Moshi uwe umeshakivaa kwenye mbio ndefu mbili angalau.

Kwa wenzangu Waislamu, miaka hii mfungo unagusana na msimu huu wa mbio. Mimi ikitokea hivyo mbio ndefu naihamishia usiku baada ya futari na tarawehe, fupi kidogo, na mtu wa kunisindikiza kwa baiskeli. Za pole nafanya nusu saa kabla ya magharibi. Sijaribu kufanya 30 mchana nimefunga na simshauri mtu.

KijanaWaTegeta

Wakuu mimi sina la kusema, asanteni. Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu kasoma ya nesi akachukua vidonge vilivyokuwa kwenye begi langu la mazoezi kaviweka kabatini kwake.

Swali la mwisho basi. Kwa hizi wiki 5 nizipangeje, na kama nikianza pole kwa 7:15 siku ya Moshi si nitakuwa nimechelewa hiyo 4:30?

Mweka_Juu

Siku ya Moshi siyo 7:15, hiyo ni ya mazoezi. Siku ya mbio utakuwa umepumzika, umekula, kuna baridi ya asubuhi na kuna watu. Ila kwa njia hii nakushauri 4:30 uiweke kama zawadi, lengo la kwanza liwe kumaliza unakimbia. Kule barabara ya Dar nenda 6:25 mpaka 6:30, watu wakupite, waache. Mweka panda kwa pumzi, usiangalie saa kabisa, hata ikiwa 7:30 sawa, kutembea hatua chache kwenye vituo vya maji ruhusa. Ukigeuka kushuka hatua ziwe fupi fupi za haraka, usirefushe. Kama umetunza miguu hapo ndo unarudisha muda.

Simbu si mlimwona Tokyo, Septemba 2025? Kilomita zote zile amekaa kwenye kundi katulia, dhahabu ya dunia kaichukua mita za mwisho ndani ya uwanja, 2:09:48, muda mmoja na yule Mjerumani mpaka wakaangalie picha. Angetaka kuongoza toka kilomita ya 5 tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Wiki zako: Jumapili hii 20 au 22 tu, pole, malizia na vilima vya chuo. Inayofuata, wiki tatu kabla ya mbio, ndo ndefu yako ya mwisho, saa 3 na nusu kwa 7:15 utapata kama 29, anza Tegeta nenda upande wa Madale na Goba ili vilima vikukute umeshachoka, na ule na unywe kama nesi alivyosema. Baada ya hapo unashuka, 18, halafu 10 au 12, halafu unapanda basi kuja. Katikati ya wiki endelea na zako za kawaida ila zipungue na zenyewe. Wiki ya mwisho utajisikia mzito na utataka kujaribu mguu, usijaribu.

Rift2400

Hapo amemaliza. Ongeza tu usingizi, saa nane ukiweza, hawa wetu hulala hata mchana.

Kipara_Kimara

Kijana hiyo ya Goba nakuja tukimbie wote, mimi najua njia ya ndani isiyo na malori. Tukutane Jumapili hiyo saa 10 na nusu pale Tegeta Kibaoni stendi, nakuja na bajaji na ndizi. Mwambie na yule jamaa wa jogingi yenu, ila mwambie kabisa ni 7:15.

KijanaWaTegeta

Poa mkuu, nimeshamwambia, kasema anakuja. Mizani nimeazima kwa jirani.